Msomi, Asali na Ugali wa Jana

Kisa hiki ni cha kutunga, ila kemia iliyomo ni ya kweli.

Kijana mmoja wa Kipalapala, jirani na mji wa Tabora, alikwenda kusoma Ulaya. Tumwite Msomi. Huko alijifunza kupima jinsi mwili unavyoitumia glukosi bila kumchoma mtu sindano. Karibu kaboni yote duniani ina uzito wa 12, asilimia 1.1 hivi ndiyo yenye uzito wa 13. Hiyo nzito haina mionzi, na mashine iitwayo spektromita ya masi huzitenga hizo mbili na kuzipima. Mtu hunywa glukosi yenye kaboni nzito nyingi kuliko kawaida, kisha hupuliza pumzi kwenye mfuko kila baada ya muda. Kaboni nzito ikiongezeka katika pumzi yake, ujue glukosi ile imeanza kuchomwa mwilini.

Glukosi iliyotiwa alama maabara ni ghali. Msomi akakumbuka njia ya mkato. Mwaka 1973 watafiti wa Liège, Ubelgiji, akina Lacroix, Mosora na Lefebvre, walionyesha kwamba glukosi ya mahindi yaweza kufanya kazi hiyo. Mahindi, sawa na miwa na mtama, kwa maumbile yake hubeba kaboni nzito zaidi ya ngano na viazi wanavyokula Wabelgiji. Tofauti yenyewe ni kama sehemu 14 katika 1,000, lakini mashine haiikosi.

Likizo ilipofika, Msomi akarudi nyumbani na pakiti za glukosi ya mahindi. Kibali cha utafiti aliona kitamchelewesha. Akawaomba majirani walale bila kula, na asubuhi wakanywa, wakapuliza. Sampuli zikasafirishwa hadi maabara ya Ulaya. Majibu yaliporudi, pumzi ya kabla ya kunywa na ya baada zilipishana kidogo mno. Msomi hakusita: akaandika kwamba watu wa kwao hawaichomi glukosi ipasavyo, na akawanong'oneza wachache kuwa huenda wana kisukari.

Neno likishatoka halirudi. Mama mmoja aliacha kula wali. Mzee mwingine aliuza mbuzi wawili apate nauli ya kwenda hospitali kubwa. Akapimwa damu kabla ya kutia kitu kinywani, akaambiwa hana kisukari.

Mjomba wake Msomi alikuwa mrina asali, mwenye mizinga ya magome na ya magogo huko kwenye miyombo. Asubuhi moja Msomi alimkuta barazani.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, mpwa wangu. Kaa hapa, unisomee karatasi hii. Mimi na mchuuzi mmoja tulipeleka madumu mawili ya asali kwa mnunuzi wa ng'ambo. Langu limepita, la yule mchuuzi limekataliwa. Kwa nini?"

Msomi akasoma, akatabasamu. "Lake lilichanganywa na sukari ya miwa, mjomba. Nyuki wako hunyonya maua ya miti, na kaboni nzito ya miti ni kidogo. Ya miwa ni nyingi. Maabara hulinganisha asali na protini iliyomo ndani yake, ambayo nyuki na chavua ndio walioileta. Zikiachana kwa sehemu 1 tu katika 1,000, huhesabiwa kuwa sukari iliyoongezwa imefika kama asilimia 7."

"Kumbe sukari ilionekana kwa sababu asali yenyewe haikuwa na kaboni hiyo kwa wingi?"

"Hasa, mjomba."

"Na wale majirani zako, siku chache kabla ya kupuliza walikula nini?"

Msomi akafungua kinywa, akakifunga. Walikuwa wamekula ugali wa mahindi mchana na usiku, uji wa ulezi asubuhi, na chai ya sukari ya miwa juu yake. Ulezi nao umo katika kundi hilo la mahindi na mtama.

"Umetia sukari kwenye chai iliyokwisha kutiwa sukari," mjomba akasema, "halafu unashangaa utamu haukuongezeka."

Msomi alipita nyumba kwa nyumba kufuta maneno yake. Mbuzi wa yule mzee hawakurudi.

Funzo ni kwamba kipimo husoma tofauti, na tofauti haina maana mpaka ujue ulipoanzia. Mashine ya Ulaya haikukosea hata mara moja: asali iliisoma sawa, pumzi iliisoma sawa. Aliyekosea ni aliyedhani kila tumbo lina chakula cha Liège. Angetumia glukosi iliyotiwa kaboni nzito kwa wingi, alama ingeonekana hata kwa mla ugali. Angewapima watu wale wale siku nyingine bila glukosi, angejua pumzi yao ya kawaida ikoje. Tena kisukari hakitangazwi kwa pumzi. Hupimwa kwa damu: kuanzia 7.0 mtu akiwa hajala, au 11.1 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita; na asiye na dalili hurudiwa kupimwa kabla ya kuambiwa anao.

Na kile kibali alichokikwepa? Kamati inayokitoa ingemuuliza swali lile lile la mjomba, kabla mzee hajauza mbuzi.