Susa Leo!

Unajua!

Huna haja ya kuhubiriwa ndipo ujue. Umeyasoma maneno ya wenye kiwanda, umewaona jukwaani, umekitambua chama wanachokichangia na watu wanaowataka wakanyagwe. Na bado jioni utapita dukani, utanyoosha mkono uchukue kitu chao, utalipa!

Kwa nini? Kwa kuwa umekizoea. Kwa kuwa ni kitamu. Kwa kuwa unajiambia siasa ni siasa, sabuni ni sabuni. Acha! Shilingi yako haibaki kwenye sabuni. Inapanda hadi kwa mwenye mali, naye anaipeleka moyo wake unakopenda.

Watazame watu wa Afrika Kusini mwaka 1959! ANC, chama kilichowapigania Waafrika, iliwataka waache bidhaa za kampuni zilizokuwa mikononi mwa wafuasi wa chama tawala cha makaburu: sigara walizozivuta, chai na kahawa walizozinywa, samaki wa makopo waliowapeleka mezani. Kisha wakaambiwa waache viazi.

Viazi! Chakula cha maskini!

Kwa nini viazi? Kwa sababu Waafrika waliokamatwa kwa makosa ya pasi, vile vibali walivyolazimishwa kubeba, walikuwa wakipelekwa mashamba ya Bethal, wakavaa magunia, wakachapwa, wakafungiwa usiku kama wahalifu. Henry Nxumalo alikwisha kuyaandika mateso ya Bethal katika jarida la Drum mwaka 1952. Kwa hiyo watu walijua. Walijua kama unavyojua wewe! Ila mwaka 1959 walichoka kujua tu. Wakavipita viazi vilipo, vikarundikana sokoni bila mnunuzi. Mwenye mshahara wa kubahatisha, mwenye watoto wanaolia, mwenye sufuria tupu, huyo aliacha kiazi. Wewe unashindwa kuacha soda?

Na tarehe 26 Juni mwaka huohuo Julius Nyerere alisimama London, pamoja na padri Trevor Huddleston, katika mkutano ulioanzisha kampeni ya kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado inatawaliwa! Hakungoja kwanza ya kwake yaishe.

Nawe unangoja nini?

Utasema: mimi mmoja nitabadili nini? Basi nenda Dublin, Julai 1984. Mary Manning, keshia wa miaka 21, alikataa kumuuzia mteja mabalungi ya Afrika Kusini. Mabalungi! Akasimamishwa kazi, na wenzake wakatoka naye. Walidhani ni jambo la siku chache. Wakasimama nje ya duka kwenye mvua, kwenye baridi, kwenye matusi ya wapita njia, karibu miaka mitatu. Mwaka 1987 serikali ya Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika Kusini. Wao walitoa mshahara wao. Wewe unaombwa ubadili chapa ya sabuni!

Ogopa kuahirisha, ndugu yangu. Mara ya kwanza ulipojua, mkono ulisita. Mara ya pili ulisita kidogo. Mara ya tatu ulichukua huku ukiongea na simu. Moyo unakufa ganzi hivyo, taratibu, bila maumivu, na siku utakayotaka kukasirika hutapata hasira yoyote ndani yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo!

Hakikisha, ndiyo. Usimsusie mtu kwa uvumi, usimsusie kwa kabila lake wala dini yake, wala usimtukane muuza duka ambaye naye anatafuta ugali wa wanae. Lakini wewe ulikwisha kuhakikisha! Ushahidi unao, sababu unazo, kilichobaki ni mkono wako.

Basi urudishe! Usiseme utamaliza kwanza pakiti iliyopo. Usiseme mwisho wa mwezi. Usiseme wakianza wengine nawe utafuata, maana na wao wanakuangalia wewe.

Kisha useme kwa sauti kwa nini umeacha. Mwambie muuzaji, mwambie jirani, mwandikie mwenye kiwanda! Asipojua sababu atadhani bei ndiyo iliyokukimbiza. Ataipunguza kidogo, atakurudisha, ataendelea na siasa yake. Chukua kalamu uandike sasa hivi, na barua iwe imeondoka kabla hujalala!