Kicheko cha Ulimi wa Mgeni

Mtu mzima ajifunzapo lugha ya ugenini hurudi utotoni, ila hapewi huruma apewayo mtoto. Tuseme mgeni aliyejifunza Kiswahili anamshukuru mwenyeji wake hadharani. Anakusudia kusema "amenifaa", ulimi unateleza, anasema "amenifia". Kwa irabu moja tu mtu aliye hai amekwisha kuzikwa, na baraza zima linacheka.

Siku hizi yuko mchekeshaji anayeifanya aibu hiyo kuwa kazi. Husimama peke yake na kipaza sauti, akasimulia alivyoishi ng'ambo na maneno yaliyomponza. Je, anaiuza heshima yake au anaikomboa?

Kwa swali hili sioni mwalimu bora kuliko Songea, mkoani Ruvuma. Wangoni wa huko ni wajukuu wa wasafiri. Babu zao walitoka kusini mwa Afrika zama za vita vya Shaka. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na katikati ya karne ya 19 Wangoni wakafika Songea. Walikuja na mikuki, wakatawala. Lakini katika lugha, walioshindwa ni wao: Kingoni kisemwacho Songea leo kiko karibu zaidi na lugha za wenyeji waliowakuta kuliko Kizulu. Mtawala alifunzwa kusema na aliowatawala, wala sidhani kama walimu wake walijizuia kucheka.

Huko huko upo utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Wajukuu wao ni watani. Mngoni humwiga Mhehe asemavyo, na Mhehe hakasiriki, kwani zamu yake i njiani. Msibani mtani huja na vituko, akamwiga hata marehemu. Lakini aghalabu ndiye huyo huyo ashikaye jembe kuchimba kaburi. Basi utani una masharti mawili: anayechekwa awepo na aweze kujibu, na anayecheka awe tayari kumzika.

Mchekeshaji anayejicheka mwenyewe hana deni kwa mtu. Kosa ni lake na kicheko ni chake. Alichonyang'anywa sokoni amekirudisha jukwaani. Shida ni kwamba hapandi jukwaani peke yake. Humpandisha na mjomba wake wa Songea, akamwiga lafudhi anapopiga simu, na ukumbi wa London ukaangua kicheko. Mjomba hayupo, hana zamu.

Utasema: mchekeshaji akikatazwa kuiga, amebakiwa na nini? Kweli, wala sikatazi. Nauliza tu kama maneno yale yale angeyasema Songea, mjomba amekaa mstari wa mbele, kisha akanyamaza kidogo ili mzee ajibu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nami naona mcheza kwao hupimwa pia, kwa kuwa watazamaji wake ndio hao anaowaiga.

Kabla hatujamhukumu kijana huyo, tujitazame sisi wa visiwani. Mwaka 1928, huko Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo tumekalia kiti cha kadhi wa lugha. Mtu wa bara akikosea ngeli, tunacheka. Tunasema ni utani tu. Lakini utani gani huo usio na zamu? Yeye amejitia hatarini katika lugha yetu kila siku, sokoni, shuleni, mahakamani. Sisi ni wangapi tuliothubutu kutamka sentensi moja ya Kingoni mbele ya wenyewe? Hatujampa hata nafasi ya kutucheka. Kicheko cha upande mmoja, hata kikiwa kitamu, jina lake ni dharau.

Dawa yake haiko mbali. Mmoja wetu na aende Songea, akae na watu, ajifunze lugha yao, akosee mbele ya wazee na watoto. Wakimcheka, naye acheke. Akisharudi, ndipo atakapokuwa na ruhusa ya kumcheka Mngoni kwa Kiswahili chake, na huenda siku hiyo hamu yenyewe ikawa imemtoka.