Uwekevu na Hesabu

Uwekevu ni sifa njema, lakini ukiachana na hesabu hugeuka kujidanganya. Mwenye fedha chache, akiisha kutia injini ya Honda ya lita 2.4 katika Mazda MX-5, hutamani kuiongezea nguvu kwa feni rahisi ya umeme. Injini hiyo, izungukapo mara 6,000 kwa dakika, huvuta hewa kadiri ya lita 7,200. Kuishindilia kwataka kilowati kadhaa. Na kilowati 5 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 400. Audi SQ7 ya mwaka 2016 ilipewa volti 48 kwa kazi hiyo. Je, ufukara wampa mtu ruhusa ya kuudanganya moyo wake? La. Fedha iliyoliwa na upepo ndiyo ingalinunua breki, na abiria hakuulizwa.