Damu ya Binamu Yangu

Mwaka jana binamu yangu aliuza mayai yake ya uzazi. Sema "kuchangia" ukipenda, karatasi za kliniki ziliandika hivyo, lakini pesa iliingia kwa M-Pesa na sehemu yake ikalipa kodi ya nyumba tunayoishi. Kwa hivyo siandiki nikiwa nje ya hii hadithi.

Kabla achaguliwe, alipimwa damu. Homoni iitwayo AMH ilikuwa juu. "Una mayai mengi, hongera," nesi akamwambia, nasi tukafurahi kama watu waliopita mtihani. Kumbe AMH ikizidi takriban 3.4, hiyo pia ni ishara ya hatari: sindano zinaweza kuchochea ovari kupita kiasi, mishipa ivuje maji, tumbo lijae. Namba ileile iliyomfanya atafutwe ndiyo iliyomweka hatarini. Yeye alisomewa nusu yake tu.

Siku ya tisa ya sindano, estradioli ilipita 4,000. Daktari akasema wanaweza kusimamisha, ila akisimamisha atapewa nauli tu.

"Tuendelee, daktari."

Wakamdunga hCG ya kukomaza mayai, na hCG ndiyo huchochea uvujaji. Ipo sindano nyingine yenye hatari ndogo zaidi, inayomfaa sana mtu asiyetarajia kubeba mimba. Hayo niliyasoma baadaye, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na hematokriti ilikuwa 47: maji yametoka kwenye mishipa, damu iliyobaki imekuwa nzito.

Marafiki wanasema ni mtu mzima, alitia sahihi, mwili ni wake. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti. Lakini huyo aliyekuwa anasoma damu yake alikuwa pia anangoja mayai yake. Sitaki biashara hii ipigwe marufuku. Wapo watu wanaolia miaka kumi wakitafuta mtoto, na siwezi kuwacheka. Nataka tu mtoaji awe na daktari wake, asiyepata chochote mayai yakiwa mengi. Je, ningedai hivyo wakati ule, kodi ikiwa imechelewa? Sidhani.

Juzi kliniki ilimpigia tena. Akaja jikoni, simu mkononi, akaniuliza naonaje. Ilikuwa tarehe tatu. Kodi tunalipa tarehe tano.