Neno Chagua Linapovuka Mpaka

Huku Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, nguo kuukuu zitokazo Ulaya na Marekani huitwa caguwa. Mswahili hahitaji mkalimani: ni chagua yetu, kwa matamshi ya Kinyarwanda. Wakenya na Watanzania waliutazama mzigo wakauita mtumba. Huku jina lilitoka kwa mnunuzi mwenyewe, aliyeinama juu ya rundo, akipekua, akikataa hili na kushika lile. Nalipenda jina hilo kwa sababu linataja tendo, na tendo lenyewe ni la mtu huru.

Mwaka 1980 mwanauchumi Mmarekani Milton Friedman na mkewe Rose walitoa kitabu ambacho jina lake, kwa lugha yetu, ni Huru Kuchagua. Friedman alipotaka kuonyesha soko huria lilivyo, aliielekeza dunia Hong Kong, mji wa Wachina chini ya mkoloni Mwingereza: kodi ndogo, ushuru wa forodha karibu hakuna. John Cowperthwaite, aliyesimamia fedha za mji huo kuanzia 1961 hadi 1971, alikataa hata takwimu za pato la taifa zikusanywe, akihofu kwamba maofisa wakizipata watatamani kuingilia biashara za watu. Tangu hapo wapenzi wa soko huria wamehama Magharibi wakaenda kuishi Hong Kong, kisha Shenzhen na Shanghai, na utawasikia wakisema: hapa niko huru kuliko kwetu. Nafungua duka, natembea usiku bila hofu, hakuna anayenisumbua.

Siwadharau. Anayedhani uhuru wa kuuza na kununua ni jambo dogo hajawahi kuvuka lango la mpakani la Petite Barrière alfajiri na beseni la nyanya kichwani. Kabla ya Korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku kati ya Gisenyi na Goma, mji wa Kongo. Mpaka ulipofungwa Machi 2020, akiba ya wiki moja iliisha kwa wiki moja, na wengi hawakuwa na nyingine.

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa caguwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya nguo vya ndani vipate kupumua. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna heshima katika kuvaa milele kilichochoka mwilini mwa mwingine. Lakini Goma ni hatua chache tu, na wanawake wakaanza kurudi wamevaa magauni matatu, manne, chini ya kitenge kimoja. Kwa sababu ya ushuru huo, mwaka 2018 Marekani nayo ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo zinazotoka Rwanda. Nchi ya Friedman iliiadhibu nchi nyingine kwa sababu imechagua.

Mpenzi wa soko huria ataniambia: umeona, tatizo ni serikali, iondoke. Basi avuke nami. Upande wa pili watu wameishi miaka mingi kwa ile wanayoiita Ibara ya 15: jitafutie mwenyewe. Pale serikali ilipolegea, pengo lilijazwa na mwenye bunduki na mwenye muhuri, kila mmoja na kizuizi chake barabarani, kila mmoja na kodi yake. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia huku, ambako serikali haijalegea.

Kwa hiyo uhuru siupimi kwa udogo wa serikali. Nauliza kama mtu ana haki au ana ruhusa tu. Mgeni wa Shenzhen ana ruhusa, na ikiondolewa ana pasi ya kurudi kwao. Wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, China, hawakuwa na pa kurudi. Mwaka 1978 waligawana mashamba ya ujamaa kwa siri, wakatia dole gumba kwenye karatasi, wakaahidi kulea watoto wa yeyote atakayefungwa. Chama cha Kikomunisti kilikuja kuwasifu baadaye, mavuno yalipokuwa yameshajaa ghalani. Na yupo Jimmy Lai, aliyefika Hong Kong akiwa mtoto wa miaka 12, akatajirika kwa maduka ya nguo, akawasoma wanauchumi Hayek na Friedman, akaanzisha gazeti mwaka 1995. Alikuwa na uraia wa Uingereza na fedha za kuishi popote. Alibaki. Desemba 2020 alitiwa ndani, na Juni 2021 gazeti lake likafungwa. Maduka ya nguo mjini humo yaliendelea kuuza.

Mama wa Petite Barrière hana pasi ya pili. Wanaopanga ushuru, na wanaopanga saa za kufunga lango, Kigali na Goma, wamwite na kumsikiliza kabla ya kutia sahihi.