"Mashini imekataa": ni nani aliyekataa?



Iko sentensi moja ambayo siku hizi inasikika katika kila biro na kwenye kila gishe: "Mashini imekataa." Mtu amesimama kwenye mstari tangu asubuhi, amefika mbele, karani anatazama kompyuta, au ordinateri kama wengi wetu tunavyosema, kisha anamwambia neno hilo, na mambo yamekwisha. Mtu anarudi nyumbani. Hakuna aliyemkosea. Imekataa mashini.

Lakini tuulize: je, mashini inaweza kukataa? Anayekataa ni yule ambaye angeweza kukubali. Mtoto anakataa chakula, jirani anakataa kukopesha. Jiwe halikatai kitu. Basi tunapoipa mashini moyo isio nao, huenda tunauondoa moyo huo mahali pengine.

Tuchukue jambo kubwa lililotokea tarehe 19 mwezi wa saba 2024. Kampuni moja ya Marekani, CrowdStrike, inatengeneza programu ya kulinda kompyuta za mabanki, mahospitali na mashirika ya ndege. Programu hiyo ni kama mlinzi wa usiku, ila mlinzi aliyepewa ufunguo wa chumba cha ndani kabisa, maana mwizi naye anatafuta kufika huko. Asubuhi ile, saa kumi na mbili na dakika 9 kwa saa za Lubumbashi na Bukavu, kampuni ilituma kwa walinzi wake faili ndogo ya maagizo mapya, nayo ilikuwa na kasoro. Kompyuta zilizoipokea zilionyesha kioo cha buluu, zikazimika, zikajiwasha, zikaanguka tena. Baada ya dakika 78 kampuni iliiondoa faili ile. Lakini nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuamka kwa sababu hiyo: fundi alipaswa kuziendea moja moja na kuifuta faili kwa mkono. Microsoft ilikadiria kwamba zilikuwa milioni 8.5, na hiyo si hata moja kwa mia ya kompyuta za Windows duniani. Ilitosha kuacha wasafiri wamelala chini kwenye viwanja vya ndege, na huko Kiel na Lübeck, Ujeruman, hospitali kubwa iliahirisha operesheni ambazo hazikuwa za haraka.

Watu wakasema, "Kompyuta zimeanguka." Lakini kampuni ilipochunguza na kutoa habari mwezi wa nane, nyuma ya mashini walionekana watu. Programu ilitazamia vitu 20, maagizo yakaleta 21. Kuna programu nyingine ya kukagua maagizo kabla hayajatoka. Nayo ilikuwa na kosa, ikayaachilia. Tena, na hapa ndipo mimi naona uzito, maagizo yale yalitumwa kwa wote mara moja. Anayepika kwa ajili ya arusi hapeleki sahani kwa wageni wote kabla wachache hawajaonja. Kila hatua ilikuwa na mtu: aliyehesabu, aliyemtengeneza mkaguzi, aliyeamua kwamba wote wapokee pamoja.

Wengine watasema: shemasi, unawahukumu watu bure, hakuna aliyetaka mabaya. Ni kweli. Kosa la hesabu si dhambi, na mkubwa wa kampuni aliomba radhi siku ile ile. Ila kutotaka mabaya na kutodaiwa kitu ni mambo mawili. Torati ya Musa inamjua mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi: ng'ombe wa jirani akitumbukia, mwenye shimo analipa. Haimwulizi kama alimchukia ng'ombe.

Na yule aliyemwamini mlinzi? Shirika la ndege la Delta lilifuta safari karibu 7,000 katika siku 5, wakati mashirika mengine ya Marekani yalikuwa yamesimama tena mapema. Mwezi wa kumi 2024 Delta liliishtaki CrowdStrike. Kampuni ikajibu kwamba kuchelewa kule kulitoka kwa Delta lenyewe. Sitaingia katika kesi ya watu. Naona tu kwamba feza zilipodaiwa, hakuna tena aliyesema kwamba mashini imekataa. Kila upande ulitafuta mtu.

Wapo pia ambao hawakungoja. Katika viwanja vya ndege vya India wafanyakazi waliandika kwa mkono kadi za kupandia ndege. Huko Uingereza waganga wa familia wengi walirudi kwenye karatasi. Kazi ilikwenda pole pole, watu walichoka, lakini walihudumiwa. Sisemi hivi ili tujisifu, sisi ambao umeme unatukatikia kila mara na tungali na karatasi. Karatasi zetu panya wanazila. Na mlinzi yule aliwekwa kwa sababu wezi wapo kweli.

Sasa karani wetu. Hana nguvu ya kuamsha mashini, kwa hiyo anajiona hana deni. Lakini mama aliyeleta mtoto mwenye homa kwenye dispensari hakumwomba aamshe mashini. Aliomba mtoto aonwe. Hapo karani bado anaweza mengi: kuandika jina kwenye daftari, kumwita muganga, au kumwambia, "Mama, sijui itaamka saa ngapi, lakini mtoto apite." Akisema, "Mashini imekataa, rudi kesho," nusu ya kwanza ina ukweli, kwa kuwa mashini imelala. Ile "rudi kesho" imetoka kwake.

Ndugu wanaofanya kazi kwenye magishe wananijibu kwamba wakubwa wao wamewakataza kuandika kwa mkono, kwa kuogopa wizi wa feza. Jibu hilo ni la haki, nami sitaki mtu afukuzwe kazi kwa sababu ya maneno yangu. Basi swali linapanda ngazi, linamfikia mkubwa: mashini ikilala, nani ameruhusiwa kuandika, nani atatia sahihi, na daftari liko wapi? Hayo anaweza kuyasema leo, mashini ingali inafanya kazi.