Dalali na Amana ya Nyumba

Je, dalali anayelipwa na mwenye nyumba anawiwa ukweli na mnunuzi? Naamini anawiwa. Wakala hupokea mamlaka kutoka kwa aliyemtuma, na hakuna awezaye kumpa mwenzake haki asiyokuwa nayo. Uislamu humwamuru muuzaji abainishe kasoro za bidhaa yake. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chadai mizani ya haki. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe hana ruhusa ya kudanganya, hawezi kumkabidhi dalali ruhusa hiyo pamoja na funguo.

Wapo watakaosema kwamba uaminifu kwa mteja unadai kimya. Kweli, bei ya chini kabisa atakayoikubali muuzaji ni siri ya kutunzwa. Lakini mgogoro wa mpaka unaofichwa ni hasara anayotwishwa mtu mwingine. Wengine watasema mnunuzi ajichunguzie. Ufa wa ukuta atauona. Mke asiyeridhia hatamwona, ilhali Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa. Basi anayeuza na amchague dalali msema kweli, kwani anayemdanganya mnunuzi kwa ajili ya kamisheni hatasita kumdanganya muuzaji kwa kamisheni hiyo hiyo.